Jumatatu ya Kwanza ya Mwezi

Kwa mara ya nne mwezi huu nimeulizwa, na safari hii na kijana hodari aliyeandika programu ya kuwakumbusha kodi wapangaji wa ploti moja ya Kawangware 56, Nairobi, ni dawa gani iponyayo kroni (cron, programu itendayo kazi za seva kwa ratiba) iliyoharibika. Na kama wenzake waliomtangulia, alikuwa ameshaambiwa aizime seva na kuiwasha tena, akatii, na hali ikabaki vile vile.

Kroni haikuharibika. Mstari wake ni huu: 0 6 1-7 * 1, na dhana iliyoenea ni kuwa maana yake ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, madhali Jumatatu iangukayo baina ya tarehe 1 na 7 haina budi kuwa ya kwanza. Hoja ni sahihi, tafsiri ni batili. Nafasi ya tarehe na nafasi ya siku ya wiki zikiwekewa sharti zote mbili, kroni haiziunganishi kwa “na”, bali kwa “au”: tarehe ikikubali, kazi hutendeka, siku ikikubali, hutendeka pia. Basi mpangaji hukumbushwa kila siku tangu tarehe 1 hata 7, kisha kila Jumatatu iliyosalia, mara 10 au 11 kwa mwezi. Na mama mboga aliyekwisha lipa kwa M-Pesa tarehe 2 ana haki ya kuingiwa na hofu kwamba fedha yake imepotea. Hofu hiyo ndiyo iniudhiyo, kwani kanuni yenyewe si siri: imeelezwa waziwazi katika mwongozo wa kroni ya Paul Vixie, iliyotoka mwaka 1987, na aandikaye man 5 crontab huisoma kwa dakika mbili.

Andika hivi: 0 3 1-7 * * [ $(date +\%u) -eq 1 ] && kumbusha, ili tarehe ichujwe na kroni, na siku ichujwe na amri yenyewe. Mkwaju nyuma (\) usiuache, maana asilimia tupu hugeuzwa kuwa mstari mpya. Nafasi ya saa ni 3 ikiwa seva hufuata UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu mwaka mzima. Ikifuata saa ya Nairobi, rudisha 6. Na jina la Jumatatu lisikuhadae ukaandika 3 penye 1 ya siku, kwani hiyo ni Jumatano.