Je, faili lako hospitalini linasema kweli?

JE, msomaji, umewahi kujiuliza faili lako huenda wapi baada ya daktari kukuandikia dawa?

Huku kwetu Awasi, mtu akishikwa na joto jingi mwilini, majirani husema ana malaria hata kabla damu haijapimwa. Lakini homa ni dalili tu. Yaweza kuletwa na malaria, nimonia, homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo.

Ugonjwa ukishatambuliwa, karani wa rekodi huuandika kwa alama ya herufi na nambari. Alama hizo hutoka katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ambayo chimbuko lake ni orodha iliyokubaliwa mjini Chicago mwaka wa 1893. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka wa 1990, na la 11 likaanza kutumika Januari 2022. Katika toleo la 10, B50 ni malaria ya Plasmodium falciparum, ile iliyoenea zaidi huku ziwani. B54 ni malaria ambayo aina yake haikutajwa, na R50 ni homa isiyojulikana chanzo.

Tofauti hiyo ina uzito. Kila homa ikiandikwa malaria, dawa za malaria zitaagizwa kupita kiasi, huku nimonia inayoua watoto ikibaki imefichika. Na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi eneo hili, akiandikiwa malaria pekee, daktari wa zamu atakayempokea siku nyingine hatajua kwamba anahitaji uangalizi maalum.

Karani afanye nini anapokwama? Asikisie. Kwanza amwulize daktari aliyetibu. Pili, ashauriane na makarani wenzake, hata wa hospitali za mbali, kwa simu au kompyuta. Njia nzuri ni wawili kuweka alama kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana, kanuni za orodha ndizo zitakazoamua, wala si wingi wa kura.

Hata hivyo, jina la mgonjwa, nambari ya kitambulisho au picha ya faili visitumwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za afya yako.

Nawe msomaji una wajibu wako:

• Tumia majina yale yale kila uendapo hospitalini.

• Taja magonjwa ya kudumu uliyo nayo, hata usipoulizwa.

• Kabla ya kuondoka, uliza ni ugonjwa gani ulioandikwa, na kama damu ilipimwa.

• Tunza kijitabu cha kliniki cha mtoto na ukibebe kila mara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya yako nayo yahitaji daftari lililoandikwa sawasawa.