Lori linapolala: biashara ya safari za barabarani kusini mwa Afrika

Mpishi wa lori la watalii linaloondoka Maun, kaskazini mwa Botswana, kuelekea kusini hupanga mapishi yake kwa kufuata amri za idara ya mifugo. Mbele yake kuna uzio wa Kuke, uliojengwa mwaka 1958, na kituo cha ukaguzi ambacho nyama mbichi ya ng'ombe haikipiti. Ikikutwa kwenye friji, inachukuliwa. Namibia nako kuna uzio kama huo, maarufu kwa jina la Mstari Mwekundu, unaokata nchi kutoka mashariki hadi magharibi: nyama ya kaskazini haishuki kusini. Nchi zote mbili huuza nyama ya ng'ombe katika Umoja wa Ulaya, na ugonjwa wa miguu na midomo, ambao nyati huubeba bila kuonekana wagonjwa, ukivuka uzio soko hilo linafungwa. Nyumbu wa Kalahari wamelipa gharama kubwa, kwani katika miaka ya ukame walikufa kwa maelfu baada ya kuzuiwa na nyaya wasiyafikie maji. Mpishi naye hulazimika kununua nyama upya kila anapovuka uzio kwenda kusini, kwenye bucha la upande huo.

Kitoweo hicho kinaonyesha namna biashara nzima inavyokwenda. Fedha ya mtalii wa lori huingia nchini vipande vipande: kwenye bucha, kituo cha mafuta, kambi, duka la matairi, kwa mwenye mtumbwi. Inaangukia pale lori linaposimama. Kwa hiyo anayetaka kujua utalii huu unamnufaisha nani aanze kwa kuuliza lori linalala wapi, na kambi hiyo ni mali ya nani.

Mizizi ya biashara hii iko mbali na Kalahari. Kampuni kama Dragoman, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1981, zilipakia vijana kwenye malori na kuvuka nao bara kwa miezi kadhaa. Miaka ya 1990 njia za zamani zikafungwa: Algeria iliingia vitani, na Zaire ikafuata mwaka 1996. Wakati huohuo kusini kulikuwa kunafunguka. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na Afrika Kusini ikafanya uchaguzi wa watu wote mwaka 1994. Cape Town ilikuwa na uwanja wa ndege, karakana, barabara za lami na maduka makubwa ya vyakula, ikageuka makao ya malori. Nomad, mojawapo ya kampuni kubwa za sasa, ilianzia huko mwaka 1997.

Njia inayouzwa zaidi ni ya takriban wiki tatu, Cape Town hadi Maporomoko ya Victoria. Lori hupanda na pwani ya magharibi, likavuka Mto Orange, likapita korongo la Mto Fish, matuta mekundu ya mchanga ya Sossusvlei, mji wa Swakopmund na mbuga ya Etosha, kisha likakata mashariki kupitia Windhoek na Ghanzi hadi Maun, na kutoka hapo Kasane na maporomoko. Ipo pia safari ndefu ya karibu miezi miwili kati ya Nairobi na Cape Town, inayopita Arusha, Dar es Salaam, Iringa na Mbeya kabla ya kuvukia Malawi kwenye daraja la Songwe.

Gari lenyewe ni injini na fremu ya lori la mizigo lililojengewa bodi ya abiria wa kati ya 20 na 28, madirisha mapana, makabati ya mizigo, friji na jiko la kukunja. Wafanyakazi ni wawili au watatu: dereva, kiongozi wa safari, na mpishi. Abiria husimamisha mahema yao wenyewe na kuosha vyombo kwa zamu, na hiyo ni mojawapo ya siri za bei kuwa nafuu. Siri nyingine ni idadi ya viti. Lori likiondoka na abiria 8 linakunywa dizeli ileile ya abiria 24, na barabara za changarawe za Namibia zinakula matairi yaleyale. Kwa sababu hiyo mwenye lori Cape Town hukubali mawakala wa Ujerumani, Uingereza na Australia wauze viti vya gari moja, kila mmoja na bei yake na kamisheni yake. Watalii wawili wanaokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa viwango tofauti kabisa kwa safari ileile.

Botswana kwa muda mrefu imewatazama watalii wa aina hii kwa jicho la pembeni. Sera yake ya utalii ya mwaka 1990 ilichagua wageni wachache wanaolipa sana. Katika kambi za kifahari za delta ya Okavango, ambazo hufikiwa kwa ndege ndogo, usiku mmoja unaweza kugharimu kuliko wiki nzima ya lori. Sera hiyo imelinda maji na wanyama, na hilo lisibezwe. Lakini mgeni wa ndege ndogo mara nyingi amemaliza malipo yote kwa wakala wa nje kabla hajafunga begi. Akitua kwenye uwanja wa udongo anapokewa, anakula, analala na kuondoka bila kuingia duka lolote la Maun. Mgeni wa lori analipa kidogo, ila hununua maji, kuni, vinyago, dawa ya mbu na bia, na hufanya hivyo katika miji mingi. Kupima utalii kwa bei ya usiku mmoja pekee ni kupima nusu ya biashara.

Mfano mzuri wa fedha ya lori kumfikia mwenyeji uko Okavango kwenyewe. Maji ya delta hii hutokana na mvua zinazonyesha nyanda za juu za Angola, nayo huchukua miezi kufika, hivyo mafuriko huwa makubwa kati ya Juni na Agosti, katikati ya kiangazi. Pori limekauka, maji yamejaa, wanyama wamekusanyika: huo ndio msimu wa mavuno. Lori huachwa Maun, kwa kuwa halina njia ndani ya mabwawa. Wageni hupelekwa hadi kituo cha mitumbwi, na hapo wanakabidhiwa kwa watu wa vijiji kama Boro na Ditshiping, walioungana katika dhamana ya pamoja iitwayo Okavango Kopano Mokoro Community Trust. Kila mtumbwi, ambao huko huitwa mokoro, hubeba wageni wawili na mpiga pondo mmoja. Huyo mpiga pondo ndiye mwongozaji, ndiye anayejua kiboko amelala wapi, ndiye anayechagua kisiwa cha kupiga hema.

Wayeyi wamekuwa wakisukuma mitumbwi hiyo kwa vizazi. Zamani ilichongwa kutoka kwenye magogo ya miti mikubwa kama mvungunya. Siku hizi mingi ni ya faibaglasi, ili miti ipone. Mtaji wa biashara hii ni mtumbwi, pondo na ujuzi wa mtu aliyekulia majini, na malipo yanaingia kijijini bila kupita kwenye hoteli. Sijui mpango mwingine katika njia yote unaomweka mwanakijiji karibu zaidi na fedha ya mgeni. Udhaifu wake ni kwamba unategemea maji tu. Mwaka 2019 mafuriko yalikuwa madogo mno, mto wa Maun ukakauka, na mitumbwi ikabaki mchangani. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona. Dhamana ya kijiji isiyo na akiba ya miaka mibaya inahitaji serikali iisaidie kuijenga katika miaka mizuri, wakati fedha ipo.

Namibia ilichukua njia ya sheria. Marekebisho ya mwaka 1996 yaliwapa wananchi wa maeneo ya jumuiya haki ya kunufaika na wanyamapori wa ardhi yao. Jumuiya 4 za kwanza ziliandikishwa mwaka 1998. Leo ziko 86, na zimeenea zaidi ya moja ya tano ya nchi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka mara moja jumuiya zetu za hifadhi ya wanyamapori, zile WMA. Jumuiya za Namibia hupata fedha kutokana na mikataba na hoteli, uwindaji wa kitalii, kambi na kazi za mikono. Lori huchangia kupitia kambi, kama ile ya Spitzkoppe, chini ya majabali ya matale katika eneo la jumuiya ya ǂGaingu. Huko Twyfelfontein, ambako michoro iliyochongwa kwenye mawe iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2007, mgeni haruhusiwi kuiona bila kiongozi wa hapo. Sharti hilo moja linaajiri vijana ambao bila hilo wangehamia Windhoek.

Etosha ni kinyume chake. Mbuga hiyo, iliyotengwa na Wajerumani mwaka 1907, inaruhusu lori liingie na kuzunguka lenyewe. Wageni hulala kwenye kambi za kampuni ya serikali, humtazama kifaru akinywa maji usiku chini ya taa za Okaukuejo, na kuondoka. Dereva wa mji wa Outjo mwenye gari la wazi hana nafasi katika mpango huo. Katika mbuga ya Chobe, Botswana, mambo ni tofauti: abiria hushuka Kasane na kupanda magari na boti za wenyeji. Kaskazini mwa Tanzania pia lori la safari ndefu kwa kawaida huegeshwa, abiria wakahamia Land Cruiser za Arusha kabla ya kwenda Ngorongoro na Serengeti, na wengi hulala Mto wa Mbu, ambako wenyeji wamekuwa wakiuza matembezi ya kijiji tangu miaka ya 1990. Kumhamisha mgeni kutoka gari moja kwenda jingine kunaongeza bei kidogo na kunazaa ajira nyingi. Namibia ingefaa kujaribu utaratibu huo hata katika lango moja la Etosha.

Upande wa utamaduni ndio unaohitaji jicho kali zaidi. Katika njia ya Ghanzi, lori hulala mara nyingi kwenye shamba la mtu binafsi, na Wasan huletwa kuwatembeza wageni porini asubuhi na kucheza ngoma usiku. Bei hupangwa na mwenye shamba. Hawa ni watu ambao mwaka 2006 walilazimika kupata hukumu ya Mahakama Kuu ya Botswana ili waruhusiwe kurudi kwenye ardhi yao katika hifadhi ya Kalahari ya Kati, na wanastahili zaidi ya bakshishi. Kaskazini mwa Namibia, huko Grashoek, Wasan wa kundi la Waju/'hoansi walifungua makumbusho hai mwaka 2004. Wanaiendesha wenyewe, bei iko wazi, na mgeni anachagua anachotaka kujifunza: kuwasha moto kwa vijiti, kutega ndege, kusuka shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Ujuzi unaoonyeshwa ni uleule wa Ghanzi. Kinachotofautiana ni nani anayeshika daftari la mapato. Kampuni za malori zinazojisifu kwa utamaduni ziandike kwenye vipeperushi vyao nani analipwa, na kiasi gani.

Mipaka nayo imekuwa ikibadilika. Kazungula, ambapo nchi nne zinakaribiana kwenye Mto Zambezi, malori ya mizigo yalikuwa yakisubiri pantoni kwa siku kadhaa. Tarehe 10 Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923, lililopindwa makusudi ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, likiwa na utaratibu wa kusimama mara moja tu kwa ukaguzi wa forodha wa Botswana na Zambia. Ratiba za safari zilipata nafuu mara moja. Zambia na Zimbabwe zilianzisha mwaka 2014 viza moja ya dola 50 chini ya mpango wa KAZA, eneo la hifadhi la nchi tano ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake tembo 227,900. Namibia imekwenda upande mwingine: tangu Aprili 2025 wageni wa nchi zaidi ya 30, zikiwamo Ujerumani, Uingereza na Marekani, wanalipia viza ya dola za Namibia 1,600. Nchi ina haki ya kujibu mataifa yanayowatoza raia wake. Hata hivyo, kwa mgeni wa bajeti ndogo kiasi hicho ni sawa na siku kadhaa za kambi, na atakachokata kwanza ni mtumbwi, kiongozi wa kijiji na kikapu cha ukumbusho.

Mtanzania hana mzigo huo. Kwa matembezi ya kawaida anaingia Afrika Kusini, Namibia, Botswana, Zimbabwe na Zambia bila viza, na Mkenya naye amefunguliwa Afrika Kusini tangu Januari 2023. Hata hivyo viti vya malori haya bado vinatangazwa kwa euro, pauni na dola. Wakala wa Dar es Salaam au Nairobi atakayechukua viti 10 vya mwisho wa msimu, akaviuza kwa shilingi na kwa malipo ya awamu kwa walimu, wauguzi na wahitimu wa vyuo, atakuwa anajaza nafasi ambazo mwenye lori huzipeleka tupu hadi Maporomoko ya Victoria kati ya Novemba na Machi.