Nilipewa timu, nikaendelea kushika jembe

Leo tuongelee jambo moja ambalo kwenye oditorio hatukufundishwa: kutoka mfanyakazi wa kawaida na kuwa shefu wa timu.

Mimi niko na lisansi ya agronomia. Miaka mitatu nilizunguka na pikipiki katika vijiji vya njia ya Kalemie kwenda Nyunzu, kazi yangu mihogo tu. Mozaiki niliitambua kwa mbali: majani yenye mabaka ya manjano, yamejikunja, madogo. Juu ya hiyo, shirika likanipandisha cheo. Nikapata moniteri watano. Mmoja wao alikuwa papa wa miaka zaidi ya hamsini, na ndiye alinionyesha kazi wakati nilikuwa staje.

Nilifanya nini? Kazi ile ile ya zamani, lakini ya watu sita.

Tulikuwa na shamba la kuzalisha vijiti vya mihogo vya kugawia wakulima. Ukipanda mita moja kwa mita moja, hektari moja inaomba vijiti 10,000. Kabla ya kukata, lazima mtu apite mstari kwa mstari na kung'oa kila shina lenye ugonjwa, kwa sababu mozaiki inasafiri ndani ya kijiti chenyewe, si kwa nzi weupe peke yao. Kupita huko nilikufanya mimi mwenyewe. Moniteri akipita, mimi napita tena nyuma yake. Akikosea, simwambii, natengeneza jioni peke yangu. Niliita hiyo bidii. Kumbe nilikuwa nawaambia bila kufungua kinywa: macho yenu hayana kazi hapa.

Mwezi wa 11, mvua imeshakolea, nikaitwa mjini kwa mkutano wa wiki moja. Kamyo ikafika shambani mimi sipo. Wakakata, wakapakia, wakagawa. Kona moja ya shamba haikupitiwa na mtu yeyote. Wiki chache baadaye, mama mmoja akanipeleka kwake: karibu nusu ya shamba lake imejikunja majani. Mozaiki haina dawa, unang'oa tu, na mvua haingojei mtu. Tulimrudishia vijiti vizima, lakini siku alizopoteza hatukuweza kumrudishia.

Nikamuuliza papa kama aliona. Akanijibu polepole, bila hasira: «Niliona, shefu. Lakini kuchagua ni kazi yako, si ni vile?»

Usiku ule sikulala.

Cha ajabu, jibu nilikuwa nalo tangu zamani. Sisi wa kilimo tunajua shamba shule, njia ambayo FAO ilianza nayo Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga. Mwenye kuongoza kikundi hatoi jibu. Mkulima akileta mdudu na kuuliza «hii ni nini?», unamrudishia swali: umeikuta wapi, ilikuwa inafanya nini, wewe unafikiri nini? Jicho la mkulima ndilo linabaki shambani wewe ukiondoka. Wakulima niliwafanyia hivyo kila wiki. Timu yangu, hata siku moja.

Basi nilibadilisha mambo matatu.

Kwanza, tulikaa chini tukapanga nani anaamua nini. Kung'oa shina, kukataa fungu la vijiti, kusimamisha kamyo: moniteri aliye shambani anaamua, hanipigii simu kuomba ruhusa. Ananieleza baadaye.

Pili, kosa narudisha kwa mwenye kosa, siku ile ile, pembeni. Kwa papa sisemi «umekosea». Nasema: «Papa, tupite pamoja huu mstari, unionyeshe namna ulivyochagua.» Mara nyingi anaona mwenyewe. Mara nyingine ni mimi niliyekosa kuona.

Tatu, nilitafuta kazi ambayo moniteri hawezi kuifanya kwa nafasi yake: mafuta ya pikipiki kufika kwa wakati, kuongea na shefu wa kijiji kabla ya timu kufika, kudai malipo yakichelewa. Hakuna mtu anakupongeza kwa hizo. Lakini zikikosekana, timu inakwama.

Nakiri, ni ngumu. Zamani jioni ningeweza kuhesabu mistari niliyoimaliza. Sasa siku inaisha mikono safi, na roho inaniuliza: leo umefanya nini? Wewe utakayepewa timu, hilo swali litakufuata. Usilikimbilie na jembe. Jiulize jambo lingine: nikikosekana wiki moja, kazi itatembea?

Msimu huu malaria ilinilaza siku nne. Kamyo ikafika. Papa akakataa isipakie upande mmoja wa shamba, dereva akapiga kelele, papa hakutikisika. Nilipopona nikapita pale. Mistari miwili imeng'olewa. Kuna mashina mengine ambayo mimi ningeyaacha.

Nilinyamaza, nikamwambia: «Asante, papa.»