Swichi au skrini? Jambo la kuangalia kabla ya kununua gari la barabara za Hadado

Dereva anayetoka mjini Wajir jioni kuelekea Hadado hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: jua la magharibi linalompiga usoni, vumbi la gari lililo mbele yake, na ngamia wanaorudi bomani. Wakati huo ndio mkono hutafuta wipa, taa au kitufe cha kuzima hewa ya nje ili vumbi lisijae ndani. Katika Land Cruiser ya zamani au Probox, mkono huipata swichi wenyewe, kwa mazoea, na macho hubaki barabarani. Katika magari mengi mapya swichi hiyo haipo tena. Imegeuzwa kuwa picha kwenye kioo cha kugusa, yaani skrini, na kidole hakiwezi kuitambua picha kwa kuipapasa.

Mpaka juzi jambo hili lilionekana kuwa la matajiri wa Nairobi. Sivyo tena. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8, kwa hivyo magari yanayoshuka sasa katika bandari ya Mombasa ni yale yaliyotengenezwa wakati skrini zilikuwa zimeshaenea. Mwananchi wa Hadado anayenunua gari leo huenda akauziwa skrini bila kuiomba.

Hesabu yake ni rahisi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitazama skrini kwa sekunde 3, gari limekwenda mita 50 bila mtu wa kuliangalia. Mita 50 zinatosha kabisa kwa mtoto wa ngamia kutoka kichakani hadi katikati ya barabara.

Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima jambo hili kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Madereva walipewa kwanza muda wa kuyazoea magari, kisha wakaambiwa wafanye kazi ndogo ndogo kama kubadilisha joto na kutafuta stesheni ya redio, huku wakiendesha kwa kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya mwaka 2005, gari la swichi tupu, ilimaliza kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari jipya lililofanya vibaya zaidi, MG Marvel R, lilichukua karibu sekunde 45 na mita 1,372. Yaani zaidi ya kilomita moja dereva akigawanya macho yake kati ya barabara na kioo. Na hiyo ilikuwa njia nyoofu ya lami, si changarawe yenye mawimbi.

Mawimbi hayo ndiyo shida nyingine. Gari likitikisika, kidole hukosa picha iliyolengwa na kugusa ya jirani. Swichi ya kuzungusha haina tabu hiyo: mkono huishika kwanza, ndipo huizungusha. Tena skrini nyingi za sasa hufanya kazi kwa kuhisi jinsi kidole cha mtu kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye kioo. Zikilowa maji, au mtu akivaa glavu, zinaweza kukataa au kujibu visivyo. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa, skrini inaweza kupata joto kiasi cha kufifia au kujizima kwa muda hadi ipoe. Ikiwa kiyoyozi chenyewe kinawashwa kwenye skrini hiyo, mwenye gari amefungiwa ufunguo ndani ya sanduku.

Ulimwengu umeanza kurudi nyuma kidogo. Mwezi wa Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaharia walichanganyikiwa na vidhibiti vya kugusa kwenye usukani, na baadaye jeshi la majini likaamua kurudisha mitambo ya kushika kwa mkono. Ujerumani nako, dereva wa Tesla aliyepata ajali akirekebisha mwendo wa wipa kwenye skrini wakati wa mvua alitozwa faini na kunyang'anywa leseni kwa mwezi mmoja. Shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, nalo limeweka masharti kuanzia mwaka 2026: gari linalotaka alama ya juu liwe na vidhibiti halisi vya indiketa, taa za tahadhari, honi, wipa na mwito wa dharura.

Haki yake skrini nayo ipewe. Kamera ya nyuma ni faida kubwa mahali ambapo watoto na mbuzi huzunguka gari likiwa limesimama. Watengenezaji nao wana sababu zao: kioo kimoja kinagharimu kidogo kuliko swichi nyingi na nyaya zake.

Anayenunua gari kwa ajili ya barabara zetu asitosheke na kuwasha injini na kupiga mateke magurudumu. Akae kwenye kiti cha dereva, afumbe macho, kisha ajaribu kupata taa kubwa, wipa, taa za tahadhari, kuondoa ukungu kwenye kioo, feni, na gia ya magurudumu manne kama ipo. Anachokishindwa kukipata hapo, hatakipata usiku wa mvua za Deyr. Waliokwisha kununua wapange mambo yote ya skrini gari likiwa limesimama, na njiani kazi hiyo aachiwe utingo au abiria wa mbele.

Kuna na suala la lugha. Magari mengi kutoka Japani huja na skrini iliyoandikwa Kijapani, na redio isiyofika mwisho wa masafa ya FM yanayotumika Kenya. Wengi huamua kuing'oa na kuweka nyingine. Kabla fundi hajashika bisibisi, aulizwe kiyoyozi na kamera vinaendeshwa kutoka wapi. Ikiwa ni kwenye skrini ileile, ikitoka itaondoka navyo.