Faili Lipo, Kompyuta Hailioni

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake ya mezani hapa Mpumudde, Jinja. Skripti yake ya kuvuta orodha ya wanafunzi kutoka kwenye seva na kuichapa ilikuwa inakatika kila akiiwasha, ikidai haioni libssl.so.1.1. "Mwalimu, lakini faili lenyewe ninalo," akasema, akafungua folda ya vipakuliwa. Kweli, lilikuwepo. (Mpumudde kwa Kiganda ni "nimepumzika", ndipo alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli. Mashine ya kijana nayo ilikuwa imepumzika tangu juzi.)

Programu za Linux huazimana mafaili ya pamoja kama majirani wanavyoazimana kinu. Programu ikiwashwa, mfumo huyatafuta katika folda maalumu tu, kama /lib na /usr/lib, na zile zilizoandikishwa katika /etc/ld.so.conf.d. Kwenye vipakuliwa haupiti kabisa. Na hata likiwa mahali pake, faili la biti 32 halimfai mwenye programu ya biti 64.

Kwa hiyo usipakue kitu kabla ya kuuliza. Skripti ni maandishi matupu. Anayelalamika ni programu inayoitwa ndani yake. Niliandika ldd, amri inayoorodhesha mafaili ya pamoja ambayo programu inayahitaji, na njia ya programu hiyo. Ikatoa mistari kama ishirini, mmoja tu ukaishia na "not found". (Programu usiyoiamini usiipitishe kwenye ldd, maana inaweza kujiendesha.)

Chanzo kikajulikana: alikuwa amehamia Ubuntu 22.04, toleo lililokuja na OpenSSL 3, ambayo libssl ni sehemu yake, na kuliacha 1.1. Hapo mafundi wengi hulichukua libssl.so.3 na kulibandika jina la zamani. Huko ni kujidanganya. Ile namba ni mapatano: programu inataka vitu vyenye alama ya toleo lake, isipovikuta inakufa palepale au, vibaya zaidi, katikati ya kazi. Na lile la vipakuliwa? Lingekuwa faili halali, ningeliweka kwenye folda yake pamoja na mafaili linayoyategemea, nikaiandikisha, nikaendesha sudo ldconfig, basi. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kuzibwa matundu ya usalama kwa umma Septemba 2023, na hili lilitoka tovuti asiyoikumbuka. Tukalifuta.

Akawasha intaneti ya simu, tukaleta toleo jipya la programu kwa apt, likaja na wenzake wote. ldd haikutoa tena "not found". Orodha ikaanza kutoka. Karatasi ya tatu, wino ukaisha.