Bibie, hiyo miguu si mapacha!

Mimba ikishavuka mwezi wa saba, wengi wanaanza kuiona kasheshe hii: asubuhi viatu vinaingia vizuri tu, jioni hata ndala zinabana. Ukibonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba, kishimo kinabaki. Hapo ndipo wataalamu wa mtaani wanapojitokeza. Huyu anasema ni mapacha, yule anaapa ni mtoto wa kiume, na jirani wa chumba cha pili anakushauri uache kunywa maji, eti hayo uliyonayo yanatosha!

Mwenzangu, wasikilize kwa sikio moja. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni maji. Wakati huo huo mfuko wa uzazi umekuwa mzito, unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguuni kwenye moyo. Damu ikichelewa kupanda, maji yanavuja na kutuama chini. Sasa kama kutwa umesimama saluni, kisha ukaning'inia kwenye daladala toka Kariakoo hadi Mbagala na joto la Februari, usijae kwa nini?

Dawa yake haina gharama. Lala ubavu wa kushoto, maana mshipa huo umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo, ukilala hivyo unaupa nafasi. Ukikaa, pandisha miguu juu ya kigoda chenye mto na uzungushe vifundo. Mchuchumio weka kabatini kwanza, utauvaa siku ya arobaini. Soksi za kubana zinasaidia, ila zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, maana ukingoja jioni umechelewa. Mwenye uwezo wa kufika kwenye bwawa la kuogelea asimame humo maji yamfike kifuani. Uzito wa maji unasukuma uvimbe urudi juu.

Na maji ya kunywa usiache. Kujinyima hakupunguzi uvimbe, kunakuongezea kizunguzungu tu. Kibaya zaidi ni vile vidonge vya kukojoza ambavyo wengine wanajinunulia duka la dawa kama pipi. Vinakausha maji ya kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayomlisha mtoto. Asiyeandikiwa na daktari asiviguse.

Kaka, na wewe usijifiche nyuma ya gazeti. Mkande mwenzio taratibu kutoka unyayoni kupanda gotini. Lakini ukiona umevimba mguu mmoja tu, unauma na una joto, usikande! Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mpeleke hospitali.

Sasa tuongee lile lisilo na mzaha. Uvimbe ukipanda ghafla usoni na mikononi, kope zimejaa, kichwa kinagonga na hakisikii dawa, macho yanaona nyota au maluweluwe, maumivu yamekaa chini ya mbavu za kulia, hayo si mambo ya kuinua miguu tena. Ni dalili za presha ya mimba, ile inayozaa kifafa cha mimba, na inaua mama na mtoto. Usingoje kesho wala siku ya kliniki, tafuta usafiri hata kama ni saa nane za usiku.

Ujanja wa ugonjwa huu ni kwamba wapo wanaoupata bila kuvimba hata kidole. Ndiyo maana nesi anakupima presha na mkojo kila ukienda kliniki, hata kama foleni inakuudhi. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hapo hawakuachii. Ipo sindano ya magnesiamu salfeti; utafiti uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ila ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke.

Hata ukishajifungua, miguu inaweza kubaki imejaa kwa siku kadhaa, hiyo isikutishe. Lakini kifafa kinaweza kumpata mama hata baada ya kuzaa, kwa hiyo ukiona nyota huku umeshika bakuli la mtori, weka bakuli chini urudi hospitali.