Ubao wa Skeitibodi Hauhitaji Fremu

Mpwa wangu aliingia karakanani asubuhi moja, akaniamkia, kisha akaweka mezani kitu kirefu kilichofungwa kwa leso ya mamake. Nilipokifungua nikakuta ubao wa skeitibodi, umevuliwa magurudumu na vyuma vyake vyote, umechubuka katikati na kulika nyuma kama mwiko uliosonga ugali miaka ishirini. "Mjomba," akasema, "nataka unitilie fremu ya kioo, niutundike chumbani."

Riziki yangu ni fremu, na kumkatalia mteja si desturi yangu. Yeye nilimkatalia. Tangu siku hiyo wamenijia wengine watatu na ombi hilohilo, basi naona bora nieleze mara moja kwa wote.

Tuanze na kitu chenyewe. Ubao wa kawaida una urefu wa sentimita 80 hivi, upana wa sentimita 20 na kidogo, na uzito wa kilo moja na ushei. Ni plaiwudi, ila usiifikirie ile ya dari. Hii ni matabaka 7 ya mepli, mti mgumu wa Amerika Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Matabaka mengi hulazwa nyuzi zake zikifuata urefu wa ubao, na mawili kwa kawaida hukata upande, ili ubao usipasuke kwa mstari mmoja kama kuni. Hupakwa gundi, hubanwa pamoja ndani ya kalibu, na yanapotoka humo yameshika umbo: pua na mkia vimeinuka, na kingo za pembeni zimenyanyuka kidogo ili mguu upate pa kukaa. Utazame kwa ubavu, utauona kama mtumbwi mwembamba.

Umbo hilo ndilo linaloishinda fremu. Fremu ilibuniwa kwa ajili ya kitu bapa. Ubao uliopinda hivi ukitaka kuutia nyuma ya kioo, itabidi uunde sanduku lenye kina cha sentimita 7 au 8. Ukimaliza, mchoro umezama humo ndani, taa ya chumbani inamulika kioo, na kitu kilichokuwa na tumbo na mgongo kinaonekana kama mchoro wa karatasi tu. Umelipa pesa nyingi ili kupoteza ulichokuwa nacho.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mchoro wa ubao wa skeitibodi ulikuwa wa ukutani hata kabla haujaingia nyumbani kwa mtu.

Mchezo wenyewe ulianzia California miaka ya 1950, vijana wa kuteleza juu ya mawimbi walipopigilia magurudumu ya chuma chini ya vipande vya mbao ili wateleze barabarani siku bahari imelala. Mwaka 1972 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya yurethani, plastiki inayong'ang'ania lami badala ya kuparuza, na mchezo ukabadilika. Miaka michache baadaye ukame ulikausha mabwawa ya kuogelea ya nyumba za huko. Vijana wakaingia mle kwenye saruji tupu iliyopinda, wakawa wanapanda ukuta wa bwawa mpaka wanaruka juu ya ukingo. Upande wa juu wa ubao ulikwisha kufunikwa na msasa ili miguu isiteleze. Nafasi iliyobaki ya kuchora ilikuwa tumbo, na tumbo ndilo mpiga picha alilolinasa kijana akiwa hewani.

Ndilo pia lililoonekana dukani. Ingia duka lolote la skeitibodi: mbao zimepangwa wima kuanzia usawa wa kiuno hadi darini, matumbo yametazama nje, na mnunuzi anachagua akiwa amesimama hatua nne au tano nyuma. Wachoraji waliyajua hayo. Angalia mkono wa buluu aliouchora Jim Phillips mwaka 1985 kwa ajili ya kampuni ya Santa Cruz, umekatika kwenye kifundo cha mkono na kiganjani una mdomo wazi unaopiga kelele. Au mafuvu ya Vernon Courtlandt Johnson kwa Powell Peralta. Mstari mzito, rangi chache, umbo moja linaloshuka toka puani hadi mkiani. Michoro hiyo inasomeka toka upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetundika ni mfupi: ubao usimame wima, labda mchoro wenyewe uwe umelala.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye kushangaa chombo cha kazi kikipandishwa ukutani. Bakuli za Kichina zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula zimejengewa kwenye makaburi ya mnara kule Kunduchi na Mambrui, na zidaka za nyumba za Lamu zilichongwa ili vyombo vya kauri vikae vitazamwe. Hakuna aliyeuliza mbona bakuli halina mchuzi.

Swali linalonijia zaidi ni kama ubao uwe mpya au uliochezewa. Wapo wanaonunua usioguswa, na soko lao ni kubwa. Mwaka 2019 mnada wa Sotheby's uliuza mbao 248 za kampuni ya Supreme, mkusanyiko wa miaka 20, kwa dola 800,000 za Marekani. Wabelgiji wa The Skateroom huchapa kazi za Andy Warhol na Jean-Michel Basquiat juu ya mbao za mepli, nyingine tatu tatu, mchoro mmoja ukiwa umegawanywa. Siwadharau. Lakini mtu akiniuliza ninachopenda, napenda uliochubuka, kwa sababu michubuko hiyo inasomeka kama mwandiko.

Niliuweka ubao wa mpwa wangu karibu na dirisha tukausoma. Mikwaruzo ya katikati ilikuwa imekata upana, siyo urefu. Maana yake aliuweka ubao msalaba juu ya bomba la chuma au ukingo wa ngazi, akateleza nao kwa ubavu. Karibu na matundu ya mbele palikuwa na alama mbili nyeusi zilizopinda kama kucha. Hapo gurudumu liligusa ubao alipoinamia kona kupita kiasi. Mkia ulikuwa umelika hadi kuwa mwembamba kama kisu, kwa kuupigiza chini kila anaporuka na kuuburuta anaposimama. Akanionyesha kwa kidole: huu mkwaruzo ni wa Kangemi, Nairobi, kwenye uwanja wa saruji uliojengwa mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia. Ule ni wa ngazi za mtaani kwao. Nilipochukua kitambaa na chupa ya spiriti akaruka. "Mjomba, usiusafishe!" Alikuwa na haki. Spiriti ingeyeyusha wino, na vanishi ambayo ningeipaka baadaye ingeifungia mikwaruzo yote chini ya mng'aro wa meza ya sebuleni. Vumbi linatoka kwa kitambaa kikavu, na tope kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Yatosha.

Kitu kimoja tu nilimtengenezea: mkiani matabaka mawili yalikuwa yameanza kuachana kwa sababu ya mvua. Gundi ya mbao kidogo, jiliwa usiku mmoja, basi.

Sasa kutundika. Ubao una matundu 8, manne mbele na manne nyuma, yaliyokuwa yanashika vyuma vya magurudumu. Kila tundu linapitisha skrubu ya milimita 5 hivi. Usitoboe jingine lolote. Ugumu ni kwamba ukiugeuza mchoro nje, pua na mkia ndivyo vinavyogusa ukuta, na sehemu yenye matundu inaelea sentimita kadhaa mbele yake. Nafasi hiyo ndiyo kazi yote ya fundi.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Ubao wa kwanza kuutundika ulikuwa kwangu mwenyewe, miaka mingi nyuma. Nilitia skrubu ndefu mbili kwenye matundu, nikakaza kama ninavyokaza kabati. Ubao ukavutwa katikati kama upinde, pua ikachimba plasta, nami nikajisifu kwa jinsi ulivyoshika. Saa nane za usiku plagi ilichomoka. Mke wangu alidhani mwizi.

Njia rahisi ni ya uzi. Chukua skrubu mbili kati ya zile za zamani za ubao, zipitishe kwenye matundu mawili ya juu, vichwa vikiwa upande wa mchoro, ukaze nati nyuma. Zungushia nati hizo waya mwembamba au nailoni nene ya kuvulia samaki, uache ulegee kiasi cha kuingia kwenye kulabu. Uzito wa kilo moja na ushei hausumbui kulabu yoyote nzuri. Pale pua na mkia vinapogusa ukuta bandika vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu msasa ulioko nyuma utakula rangi ya ukuta kila mlango unapobamizwa. Wengine huuondoa msasa wote kwa kuupasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha wanaubandua taratibu kuanzia pembeni. Mimi huuacha. Ndiko ziliko alama za viatu.

Njia ya pili ni imara zaidi, na inafaa nyumba yenye watoto wa kuning'inia. Laza ubao mezani, mchoro juu, upime toka meza hadi upande wa chini wa tundu. Kata vipande vya bomba jembamba vya urefu huohuo, uvivalishe skrubu kati ya ubao na ukuta. Hapo ukikaza, bomba ndilo linalobeba, ubao haupindwi. Matundu ya kila upande yameachana kwa milimita 41 kwa upana na milimita 54 kwa urefu kwenye mbao nyingi za leo, lakini usiniamini mimi wala kiwanda. Bandika karatasi nyuma ya ubao, tia alama kwa penseli kupitia matundu, kisha ihamishie karatasi hiyo ukutani pamoja na pimamaji.

Ukuta wa tofali za saruji hauna maneno: drili ya kugonga, plagi ya plastiki, skrubu isiyoshika kutu, maana chumvi ya hewa yetu haisamehe chuma cha bei rahisi. Nyumba za miji ya kale ya pwani ni jambo jingine. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukiugonga unamwagika kama unga, na tundu la milimita 6 linageuka pango. Zima kugonga, zungusha polepole, na ukiona unga mweupe hauishi, acha ukuta, tundika kwa nailoni toka kwenye boriti.

Jua nalo usilisahau. Dirisha la magharibi litaifuta nyekundu na njano kabla ya rangi nyingine zote, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Chagua ukuta ambao mwanga unaupitia kwa ubavu. Hapo ule mpindo wa ubao unatupa kivuli chembamba, na mikwaruzo inasimama.

Chumbani kwa mpwa wangu tulimaliza kazi saa kumi. Dada yangu, mamake, aliingia, akautazama ubao, akautazama ukuta aliokuwa ameupaka rangi mwezi uliopita, akashusha pumzi na kurudi jikoni. Mpwa wangu akanishika mkono kabla sijafunga sanduku la vifaa, akaniomba nitie kulabu ya pili, sentimita 30 kulia kwa ile ya kwanza. Nilimuuliza ni ya nini, na ubao mwingine hana. Anao, akasema, ila bado uko barabarani.